Watu wa Msanzi na Sinema za Kihindi



Sisi tuliotoka Msanzi tulizoea ugali wa ulezi, maharage na migebuka. Reli ya TAZARA ilipokabidhiwa mwaka 1976, safari ya Dar es Salaam ikawa basi hadi Tunduma, kisha gari moshi. Huko mjini tulikuta biriani, bajia na kachori katika hoteli za Wahindi, na majumba ya sinema kama Empire na Avalon.

Filamu za Kihindi zilipendwa mno. Katika "Mother India" ya mwaka 1957, mama anampiga risasi mwanawe kwa kumteka binti wa watu. Hatukujua Kihindi, lakini Mfipa, Mzaramo na Mhindi tulilia pamoja gizani.

Lakini kuna jambo linalonisuta. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Waliopoteza wengi walikuwa Waasia, na wengi wao wakahama nchi. Sisi tulifika baadaye, tukala chakula cha waliobaki na kuketi nao ukumbini, wala hatukuwauliza yaliyowapata.

Baadaye zikaja kanda za video, na mwaka 1994 televisheni ikaanza Tanzania Bara. Kumbi zikakosa watazamaji, zikafungwa moja baada ya nyingine.

Vijana mlioko shuleni, mtakapofika mjini, kuleni mshibe. Ila mwamkieni mzee mwenye hoteli, mkamwulize habari za ukoo wake. Sisi tulichelewa.