Ubongo Hushuhudia Macho

Mtoto mchanga hajui kusema. Je, wataalamu walijuaje kama anaona?

Mwaka 1875, daktari Richard Caton wa Liverpool, Uingereza, aligundua kuwa ubongo wa wanyama una umeme mdogo sana, nao hubadilika macho yakimulikwa. Mwaka 1924, Mjerumani Hans Berger akaupima umeme huo kwa binadamu. Lakini jibu la macho lilifichwa na mawimbi mengine ya ubongo. Mwaka 1951, George Dawson wa London alionyesha mashine ya kujumlisha majibu mengi, hata jibu la kweli likajitokeza.

Siku hizi mtoto hupakatwa na mamake, akabandikwa visahani vidogo kisogoni, ilipo sehemu ya ubongo inayoona, akaangalia miraba myeusi na myeupe ikibadilishana. Hadungwi sindano wala hatiwi umeme. Mashine inasikiliza tu.

Kipimo hiki hakipatikani kila hospitali. Kwa hiyo, mama, mpimaji wa kwanza ni wewe. Mtoto wa miezi mitatu asipoufuata uso wako kwa macho, au makengeza yasipoisha, mpeleke kliniki na kijitabu chake. Ukiona mboni nyeupe, mpeleke siku hiyo hiyo. Usimtie wanja wala maziwa machoni. Usingoje aanze shule: ubongo hujifunza kuona utotoni, na ukichelewa, jicho laweza kutibiwa na kuona kusirudi.