Kutoka Jikoni Hadi Gerezani: Stori ya Jamaa Aliyetuvalisha Hedifoni

Nenda kwenye harusi yoyote kubwa mjini, utawaona tu. Mabaunsa mlangoni, kawaya kembamba sikioni, kakitufe kamebanwa kwenye kola ya shati. Mmoja anabonyeza, anainamisha kidevu, anatamka maneno mawili, anaachia. "Roja." Wengi wanachukulia ni swaga tu, lakini kale kawaya kametoka mbali. Kamepitia jikoni kwa mtu, kwenye vifaru vya vita, gerezani na hadi mwezini.

Stori inaanzia Utah, Marekani, mwaka 1910.

Barua iliyotaka kutupwa

Jamaa mwenyewe alikuwa msomi wa chuo kikuu cha Stanford na mtu wa dini kwelikweli, muumini wa Mormon. Kazi ya ualimu aliishaipoteza kwa sababu ya misimamo yake kuhusu ndoa za wake wengi. Kilichomsumbua kilikuwa kidogo tu: akikaa kwenye jengo kubwa la ibada, mahubiri hayasikiki vizuri. Akaanza kuchezea waya na sumaku ili akuze sauti.

Alichokipata ni vikombe viwili vya kuvaa masikioni, ndani vimejaa waya mwembamba wa shaba uliozungushwa, mrefu sana ukiukunjua. Akakitumia Jeshi la Majini la Marekani, na barua ya kuandika mwenyewe kwa mkono.

Wakati ule jeshi lilikuwa linapokea barua za wabunifu kila siku, nyingi porojo. Hii nayo haikuaminiwa. Lakini walipokivaa wakanyamaza, maana sauti ilikuwa safi kuliko kitu chochote walichokuwa nacho. Kwa mtu wa redio melini, anayekesha kutafuta mlio hafifu katikati ya makelele, hiyo ilikuwa tofauti ya kusikia meli inaomba msaada au kutoisikia.

Wakaagiza seti 100. Jibu la jamaa liliwashangaza: anaweza kutoa 10 tu kwa mpigo, kwa sababu anavitengenezea jikoni kwake.

Aliambiwa linda kazi yako, akapuuza

Hapa ndipo moyo unauma. Mkanda wa kichwani wa mwanzo ulikuwa unakera, akaubadilisha kwa fito mbili za waya zilizofunikwa ngozi, unazivuta juu au chini kulingana na kichwa chako. Angalia hedifoni zako za leo, wazo ni lilelile. Alishauriwa akate hataza ili mtu asimwibie. Yeye akaona ni kitu kidogo mno, hakina haja.

Hela zilikuja hata hivyo. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaongeza oda. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1920, redio zikaingia majumbani na kila mtu akataka hedifoni. Jamaa akawa na kiwanda, wafanyakazi na jina. Lakini pesa akaimwaga kwa marafiki, kwenye miradi isiyoeleweka na kwa watu wa ndoa za wake wengi. Kufikia katikati ya miaka hiyohiyo ya 1920, kampuni ilikuwa imefilisika. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa nyuma ya nondo kwa kesi ya udanganyifu kupitia posta.

Akafariki mwaka 1961. Kumbuka huo mwaka, tutaurudia.

Mikono ni miwili tu

Hedifoni za jikoni zilikuwa za kusikiliza peke yake. Kuongea kulikuwa shughuli nyingine. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari walipewa redio za kubeba. Ile ya mkononi ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 2, na ile ya mgongoni ilizidi kilo 14. Redio hizi zina sharti moja ambalo hata radio call ya baunsa inalo: unasikiliza au unaongea, huwezi vyote kwa pamoja. Kinachoamua ni kitufe. Ukibonyeza unarusha sauti, ukiachia unasikiliza.

Sasa mfikirie kamanda wa kifaru. Mkono mmoja umeshika ili asianguke, mwingine una darubini, injini inanguruma kiasi kwamba hata akipiga kelele hasikiki. Maiki ya kawaida ingebeba mngurumo wote. Suluhisho likawa maiki ya kooni: vidude viwili vinabanwa shingoni, vinachukua mtetemo wa koo badala ya hewa. Kelele za injini zinabaki nje. Kitufe kikawekwa kifuani, anakibonyeza na kuendelea na kazi.

Haikuwa anasa. Mwaka 1940 vifaru vingi vya Ufaransa havikuwa na redio, wakati vya Ujerumani vilikuwa nazo. Baadhi ya vile vya Ufaransa vilikuwa na chuma kinene zaidi, lakini kifaru kisichosikia wenzake kinapigana peke yake.

Miwani ya jua na marubani

Turudi 1961, mwaka aliofariki yule fundi wa jikoni. Mwaka huohuo, California, rubani wa ndege za abiria na mwenzake walikuwa wamechoka. Hedifoni za chumba cha rubani zilikuwa nzito, kichwa kinauma, wengi waliamua kuziweka pembeni na kushika maiki mkononi. Yaani mkono mmoja wa rubani umeshikilia maiki!

Mmoja wao alikuwa kwenye kampuni iliyoleta kutoka Japani miwani yenye redio ndogo ndani ya mkono wake. Hapo taa ikawaka: kama redio nzima inaingia kwenye miwani, kwa nini maiki na spika zisikae hapohapo? Wakatengeneza kifaa chepesi cha kuning'inia sikioni, na kampuni yao ikasajiliwa mwezi Mei 1961. Waongozaji ndege wakakikubali, kisha NASA. Mwaka 1969 maneno ya kwanza ya binadamu aliyekanyaga mwezi yalipita kwenye kifaa cha kampuni hiyohiyo.

Leo yuko mtaani

Huyu fundi wa jikoni hajafa, mtu wangu. Yuko mtaani na pasi ya kusolda mkononi. Anachukua hedifoni za simu zilizokufa upande mmoja, anakata, anaunga plagi ya radio call na kitufe kidogo kama cha kengele ya mlangoni. Kazi ya kitufe ni kugusanisha waya mbili tu, redio inajua sasa ni zamu ya kuongea. Maiki yenyewe ni kiduara kidogo kuliko kifungo cha shati, na umeme wake kidogo inaupata kutoka kwenye redio.

Ila akiunganisha waya vibaya, balaa. Redio inabaki inarusha muda wote kana kwamba kitufe kimebonyezwa. Inapata moto, betri inaisha, na mbaya zaidi chaneli nzima inazibwa. Wenzake wote hawawezi kuitana, wanamsikia yeye tu akimsimulia rafiki yake mambo ya shemeji. Kwenye ukumbi ni kichekesho. Kwenye moto au ajali, mtu anaweza kupoteza maisha kwa sababu aliyekuwa anaomba msaada hakupata nafasi ya kusikika. Ndiyo maana masafa ya redio yana leseni, na kwa Tanzania mwenye rungu ni TCRA.

Kwa hiyo ukimwona baunsa amebonyeza kola yake, mkumbuke jamaa wa Utah. Alitaka tu kusikia mahubiri, dunia nzima ikavaa kazi yake, yeye mwenyewe akapita gerezani.

Swali ni moja: ungekuwa wewe, ungelilinda wazo lako mapema au ungesema "kitu kidogo tu hiki"? Dondosha maoni yako hapo chini.