Hatua 12 na Mazoezi ya Mtakatifu Inyasi

Mwishoni mwa mwaka 1940, usiku wa baridi kali, padri Mjezuiti aitwaye Edward Dowling alibisha hodi kwa Bill Wilson mjini New York. Alitembea kwa shida, akiegemea fimbo. Yeye mwenyewe hakuwa mlevi. Ila alikuwa amesoma kitabu kilichotolewa mwaka 1939 na Alcoholics Anonymous, umoja wa watu wanaosaidiana kuacha pombe. Zile hatua 12 zilizomo zilimshangaza kwa kufanana na Mazoezi ya Kiroho ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Wilson, aliyeziandika, akamjibu kwamba hajapata kusikia habari za Mazoezi hayo.

Basi alizitoa wapi, ndugu vijana? Mwaka 1934 alitembelewa na Ebby Thacher, mwenzake wa zamani katika ulevi, sasa akiwa hanywi. Thacher alikuwa ameingia Kundi la Oxford, uamsho ulioanzishwa na mchungaji Mlutheri, Frank Buchman. Humo watu waliungamiana makosa, wakawalipa waliowadhulumu, wakakaa kimya mbele ya Mungu. Desemba ile Wilson aliacha pombe. Mei 1935, akiwa Akron, biashara ikamharibikia, na kiu ikamrudia. Akatafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye, akampata daktari Robert Smith. Hakumwendea kama mhubiri. Alimwendea kwa kuwa alimhitaji. Naona hilo lilizidi mafundisho yote ya Oxford.

Wakatoliki walilitilia shaka kundi lile, wakihofia maungamo yasiyo ya Kitubio. Umoja ulipojitenga nalo, mlango ulifunguka. Agosti 1939 mtawa Ignatia, mpokea wagonjwa wa hospitali ya St. Thomas huko Akron, alimpokea mlevi aliyeletwa na Smith. Kwa kuwa hospitali ziliwakwepa walevi, kwenye karatasi iliandikwa ugonjwa wa tumbo. (Wataalamu wa maadili wana kazi hapo!) Baadaye, kila aliyetoka alimpa beji ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, kwa sharti kwamba airudishe kwanza kabla ya kugusa glasi.

Nayo hatua ya tano yadai kumkiri Mungu, nafsi yako na mtu mwingine makosa yako bila kuficha. Usiku ule wa baridi Wilson, aliyekuwa amekata tamaa ijapokuwa hanywi, alimfungulia Padri Dowling moyo wake wote. Mwaka 1947 alifundishwa imani na Monsinyori Fulton Sheen, lakini hakuwa Mkatoliki. Dowling alibaki rafiki yake na mshauri wake hadi alipofariki mwaka 1960.