Ladha ya Kusoma Mpakani: Isebania na Fasihi ya Kiswahili ya Ziwani

Utangulizi

Historia ya fasihi ya Kiswahili aghalabu huandikwa ikitoka pwani kwenda bara. Huanza na tenzi za Pate na Lamu, hupitia Mombasa, Unguja na Tanga, kisha hufika bara pamoja na shule, misheni na gazeti. Katika masimulizi ya namna hiyo msomaji wa bara huwa mpokeaji tu: hupewa lugha, hupewa kitabu, hatimaye hupewa mtihani. Makala haya yanakusudia kuitazama historia hiyo kutoka upande wa pili, yaani kutoka Isebania, mji wa mpakani ulioko katika Kaunti ya Migori nchini Kenya na unaotazamana na Sirari ya Tarime nchini Tanzania. Swali linaloulizwa ni moja: mtu ambaye Kiswahili si lugha ya mama yake hupata wapi utamu wa kukisoma? Hoja inayotetewa ni kwamba utamu huo ulitokana zaidi na vitabu vichache vilivyomwezesha msomaji kuyakuta maisha ya ziwani ndani ya Kiswahili, na kwamba kufika au kutofika kwa vitabu hivyo mikononi mwake kuliamuliwa na mipaka, wachapishaji na mitaala.

Mstari na Lugha

Mpaka unaopita Isebania ulichorwa na watu ambao hawakuwa wamefika huko. Katika mapatano ya mwaka 1886, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana juu ya mstari utokao mdomo wa mto Umba, uzungukao Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, na kuishia ufuoni mwa mashariki mwa ziwa Viktoria, mahali linapokatwa na digrii ya kwanza kusini mwa ikweta. Mstari huo uliwagawa Wakuria pande mbili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza pande zote mbili zilitawaliwa na Mwingereza, lakini tawala zilibaki mbili na shule zilibaki za namna mbili.

Jitihada za kuunganisha zilikuja kwa njia ya lugha. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ikihusisha Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar, na lahaja ya Kiunguja ikawa msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa mtu wa Isebania usanifu huo ulikuwa jambo la mbali. Kikuria ni lugha ya Kibantu yenye ngeli kama Kiswahili, lakini ina irabu saba, na nomino zake hutanguliwa na irabu ya mwanzo kama isikikavyo katika majina Abakuria na Igikuria. Dholuo ya jirani yake ni lugha ya Kinailoti isiyo na ngeli za namna hiyo. Kwa hiyo Mkuria na Mjaluo hawaingii katika Kiswahili kwa mlango mmoja. Wa kwanza hukuta nyumba inayofanana na yake ila vyumba vimepangwa vingine. Wa pili hulazimika kujifunza ramani nzima. Wote wawili, hata hivyo, hukutana na Kiswahili cha kitabuni wakiwa tayari wana Kiswahili cha sokoni, na tofauti baina ya viwili hivyo ndiyo kizingiti cha kwanza cha msomaji.

Baada ya uhuru sera za nchi hizi mbili ziliachana. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania. Nchini Kenya Kiingereza kilishika nafasi hiyo katika madarasa ya juu, na Kiswahili hakikuwa somo la lazima lenye kutahiniwa hadi ulipoanzishwa mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Watoto wawili wa ukoo mmoja, mmoja wa Sirari na mwingine wa Isebania, walifundishwa hesabu kwa lugha mbili mbalimbali. Ni dhahiri kwamba hata kitabu cha hadithi kiliwafikia kwa sura mbili.

Kutoka Ukerewe hadi Nairobi

Katika hali hiyo, fasihi ya Kiswahili iliyomkaribia zaidi msomaji wa Isebania haikutoka pwani. Ilitoka Ukerewe, kisiwa cha ziwa Viktoria. Euphrase Kezilahabi alizaliwa huko, kijijini Namagondo, mwaka 1944, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilichapishwa mwaka 1971 na East African Literature Bureau, shirika la pamoja la Afrika Mashariki lililokuwa na makao yake Nairobi. Kichwamaji ilifuata mwaka 1974, nayo ikatolewa Nairobi, na Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975. Yaani mwandishi wa Kitanzania, mwenyeji wa ziwa, aliwafikia wasomaji wake kwa njia ya mji mkuu wa Kenya.

Upya wa riwaya hizi umejadiliwa sana kwa upande wa falsafa. Kwa makala haya lililo muhimu ni jambo dogo zaidi: Kiswahili chake kina sentensi fupi, hakina mapambo mengi ya Kiarabu, na mandhari yake ni ya mashamba, mitumbwi, pombe ya kienyeji, misheni na shule za bweni. Katika Rosa Mistika ukali wa baba, wasiwasi wa mama na safari ya binti kutoka kijijini kwenda shuleni ni mambo ambayo msomaji wa ukanda wa ziwa hakuhitaji kueleweshwa kwa tanbihi. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, na marufuku yenyewe ni ushahidi kwamba ilisomwa kama habari ya watu waliojulikana.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Shirika la pamoja la vitabu nalo likafa na Jumuiya. Riwaya iliyofuata ya Kezilahabi, Gamba la Nyoka, ilitoka mwaka 1979, na safari hii ilichapishwa Arusha. Badiliko hilo la mji katika ukurasa wa jina la kitabu linaeleza mengi. Mstari wa mwaka 1886 ulikuwa umewagawa watu. Katika miaka hiyo sita uligawa pia rafu za vitabu.

Mswada Uliosubiri

Mfano wa pili unatoka kisiwa kile kile. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alikamilisha mwaka 1945 riwaya ndefu kwa Kikerewe juu ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, watu wa mume na mke waliokosa mtoto kwa muda mrefu. Hakupatikana mchapishaji wa kitabu cha lugha yenye wasemaji wachache. Hatimaye mwandishi mwenyewe aliifasiri kazi yake kwa Kiswahili, na ikachapishwa mwaka 1980 na Tanzania Publishing House. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla ya kukishika mkononi kitabu alichokisubiri kwa zaidi ya miaka thelathini.

Utamu wa kitabu hiki hautokani na kisa, kwani kisa chenyewe huenda taratibu mno. Mke anachukuliwa na wazazi wake. Mume hana budi kutengeneza pombe ya ndizi ili arudishiwe mkewe. Utengenezaji wa pombe hiyo unasimuliwa hatua kwa hatua. Salamu hazikatizwi, mgeni hakaribishwi kwa haraka, na kila kazi ya shamba hupewa muda wake. Msomaji aliyezoea riwaya za haraka huchoka. Aliyekulia katika boma la wafugaji na wakulima karibu na ziwa hutambua mwendo huo: ni mwendo wa mazungumzo ya wazee. Hapo Kiswahili kinafanya kazi ambayo Kamati ya mwaka 1930 haikuikusudia. Kinabeba adabu ya lugha nyingine bila kuivunja, na Mkuria anaweza kuisoma adabu ya Mkerewe akaiona ni ya kwao.

Wavukao Mpaka

Uvukaji wa mpaka wenyewe umepata riwaya zake. Mwaka 1966 Grace Ogot alichapisha The Promised Land, inayowahusu mume na mke wa Kijaluo wanaohama Nyanza kwenda Tanganyika kutafuta ardhi yenye rutuba, wakapata mali, kisha maradhi ya ajabu yakawarudisha kwao. Ndiyo riwaya ya njia hii ya ziwani, lakini iliandikwa kwa Kiingereza, na hivyo ikawa mali ya waliosoma sana. Ogot mwenyewe baadaye aliandika kwa Dholuo. Mwaka 1983 alitoa Simbi Nyaima, kisa cha kijiji kilichozama na kuwa ziwa Simbi, karibu na Kendu Bay katika Homa Bay.

Miaka 30 baada ya riwaya ile, Ken Walibora alichapisha Siku Njema (1996). Hapa safari inageuzwa: Kongowea Mswahili anatoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake, na utafutaji huo unamfikisha Kitale. Mtunzi ni mtu wa magharibi mwa Kenya, lugha yake ni Kiswahili. Ikilinganishwa na ya Ogot, riwaya hii inaonyesha kwamba katika miaka hiyo thelathini Kiswahili kilikuwa kimekuwa, kwa mwandishi wa bara la Kenya, lugha ya kuandikia safari ya kutafuta nasaba.

Mtihani na Ladha

Bila shaka mfumo wa 8-4-4 ulichangia badiliko hilo. Uliwapa waandishi wasomaji wengi kwa mara moja, na Siku Njema yenyewe ilikuja kuwa kitabu teule cha shule za sekondari. Ni haki kukiri kwamba bila mtihani vitabu vingi visingefika Isebania kabisa. Hata hivyo mtihani una namna yake ya kusoma: huuliza maudhui, wahusika na tamathali za usemi, na humfundisha mwanafunzi kukifungua kitabu akiwa na kalamu ya kupigia mstari. Mwendo wa polepole wa Kitereza hauwezi kutahiniwa kwa njia hiyo. Kinachotahiniwa hukumbukwa hadi siku ya karatasi, kinachotambuliwa hurudiwa.

Hitimisho

Imeonekana kwamba ladha ya kusoma si suala la tabia ya mtu binafsi peke yake. Mchapishaji akihama, mpaka ukifungwa au lugha ikikosa soko, msomaji hupoteza kitabu ambacho kingekuwa chake. Wahakiki wamezoea kupima Kiswahili cha bara kwa kukilinganisha na cha pwani na kuhesabu upungufu. Kezilahabi, Kitereza na Walibora wanadai kipimo kingine: ni kiasi gani cha Kikerewe, cha Kikuria au cha Dholuo ambacho Kiswahili kinaweza kukibeba na bado msomaji wa Sirari na wa Isebania wakakielewa kwa pamoja. Utafiti wa fasihi ya ukanda huu hauna budi kuanzia hapo, na maktaba za shule za pande zote mbili zingefaa kupangwa kwa kuzingatia hilo.