Kiapo cha Ndugu: Balagha ya Haki Baada ya Shambulio la Kabalagala, 2010

Usiku wa tarehe 11 Julai 2010, watu waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia katika mkahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala, walishambuliwa kwa bomu. Muda mfupi baadaye milipuko mingine ikatokea katika klabu ya raga ya Kyadondo. Zaidi ya watu 70 waliuawa katika sehemu hizo mbili, na Al-Shabaab wakakiri kuhusika. Tukio hilo huandikwa kama sura ya historia ya usalama. Ni sura ya historia ya maandishi pia, na wanabalagha wameiacha kwa wanasheria.

Wanaohusisha balagha na haki ya kijamii nchini Uganda huvutiwa na sauti kali. Mfano ufaao ni uchunguzi wa Carol Summers wa mwaka 2006 kuhusu Buganda ya miaka ya 1940, ambamo barua za Semakula Mulumba, mjumbe wa Bataka jijini London, zinasomwa kama ufidhuli wa makusudi. Katika jamii iliyotukuza adabu, kuvunja adabu kulikuwa hoja ya kisiasa. Uchunguzi huo ni wa thamani, lakini umewazoesha wasomaji kuitafuta haki mahali penye kelele tu.

Baada ya shambulio la Kabalagala, watuhumiwa kadhaa walikamatwa Kenya na kuvushwa hadi Uganda bila kupitishwa mbele ya hakimu. Ndugu zao waliandika hati za kiapo. Hati ya kiapo haimruhusu msemaji kulia. Humtaka ataje jina lake, uhusiano wake na aliyechukuliwa, siku, na alichokiona kwa macho yake. Hasira hubaki nje ya karatasi. Jazanda, takriri na mafumbo, ambayo mwanafunzi wa balagha hufundishwa kuyatafuta, humo hayamo. Nguvu yake ni kumlazimisha mwenye dola ajibu swali moja: mtu huyu yuko wapi?

Swali hilo liliulizwa Nairobi wakati Katiba mpya ya Kenya, iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, ilikuwa bado changa. Mahakama Kuu ilieleza kwamba kumhamisha mmoja wa watuhumiwa kulikuwa kinyume cha sheria. Hata hivyo, mtu mwenyewe alikuwa tayari ng'ambo ya mpaka. Al-Amin Kimathi, mtetezi wa haki kutoka Kenya aliyekwenda Kampala kufuatilia kesi, alikamatwa Septemba 2010, akakaa rumande takriban mwaka mmoja kabla ya mashtaka dhidi yake kuondolewa. Mwaka 2014 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilitupilia mbali malalamiko ya washtakiwa kuhusu namna walivyoletwa.

Si haki kuisoma habari hii kwa upande mmoja. Joan Kagezi, kiongozi wa mashtaka katika kesi hiyo, aliuawa kwa risasi Kampala tarehe 30 Machi 2015, na waliopoteza jamaa zao Kabalagala walisubiri hukumu karibu miaka sita. Ilipotolewa, Mei 2016, saba kati ya washtakiwa 13 walipatikana na hatia ya ugaidi na mauaji, mmoja kosa dogo zaidi, na watano hawakupatikana na hatia. Hao watano ndio jibu kwa wanaodhani kwamba kudai utaratibu wa sheria ni kuwadharau waliokufa.

Tatizo la lugha limebaki. Shahidi aliyesema Kiswahili, Kiganda au Kisomali huonekana katika kumbukumbu za mahakama akizungumza Kiingereza cha wakili, na ripoti kuu ya Open Society Justice Initiative ya mwaka 2012 kuhusu mkasa huo iliandikwa kwa Kiingereza vilevile. Katiba ya Uganda ilikuwa imekwisha kukitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, miaka mitano kabla ya usiku ule wa Kabalagala.