Saratani ya tezi ya parathiroidi: ugonjwa wa nadra, dalili za kawaida

Nyuma ya tezi ya shingo, ile inayovimba mtu akipata goita, kuna tezi zingine nne ndogo, kila moja kama punje ya mchele. Zinaitwa parathiroidi. Homoni yao inaongoza kalisiamu katika damu. Mara chache sana, moja inashikwa na saratani, ile tunayoita kansere.

Dalili

Homoni ikizidi, kalisiamu inatoka kwenye mifupa na kujaa katika damu. Mgonjwa anaumwa na mifupa, inavunjika kwa jambo dogo, anapata mawe ya figo, kiu, kukojoa kila mara, kufunga choo na uchovu. Shingoni panaweza kuonekana uvimbe.

Kwetu, uvimbe wa shingo unaitwa goita moja kwa moja. Si ajabu: kisiwani Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, goita ilienea mpaka watafiti Wabelgiji wakaichunguza tangu miaka ya 1960. Lakini goita ya kukosa iodini haipandishi kalisiamu.

Kuutambua

Mtu anayerudiwa na mawe ya figo, ao mifupa yake inavunjika ovyo, aombe munganga apime kalisiamu ya damu. Kawaida ni miligramu 8.5 mpaka 10.5 kwa desilita. Kwa saratani hii, mara nyingi inapita 14. Kiisha inapimwa homoni yenyewe, halafu ekografi ao skana ya shingo. Uvimbe unaoshukiwa hivi hauchomwi sindano ili kutoa kipande, maana chembe za saratani zinaweza kumwagika shingoni. Uhakika unapatikana laboratwari, kisha operesheni.

Operesheni

Ndiyo dawa yenyewe. Tiba ya miale na dawa za saratani hazisaidii sana. Operesheni ya kwanza ndiyo yenye tumaini kubwa: uvimbe unatolewa mzima bila kupasuka, pamoja na upande wa tezi ya shingo unaoshikana nao. Kwa hiyo ni lazima munganga mpasuaji ajue mbele kama kuna shaka ya saratani. Mgonjwa wa Goma anayetumwa Bukavu, Kigali ao Kampala, abebe matokeo yote ya vipimo.

Kisha kupasuliwa, mifupa inavuta kalisiamu kwa nguvu na damu inapungukiwa. Ukisikia ganzi midomoni ao vidoleni, ao misuli ikikaza, ita muuguzi mara moja: utapewa kalisiamu na vitamini D. Na hata ukipona, damu ipimwe maisha yote, sababu ugonjwa huu unaweza kurudi miaka mingi baadaye.