Wa Kumwachia Funguo: Afya ya Uongozi wa Kichungaji Kusini mwa Tanzania

Semina za viongozi wa kanisa humgeukia zaidi mchungaji mwenyewe: alale mapema, azime simu, apumzike walau siku moja kwa juma. Ni ushauri mwema. Ninachodai hapa ni kwamba hautekelezeki pale ambapo mchungaji hana wa kumwachia funguo, na historia ya kusini inalionyesha hilo waziwazi.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alishukia Lindi, akapanda bara kwa miguu na watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha kituo cha Masasi. Miongoni mwa waliolelewa na misheni hiyo alikuwa Cecil Majaliwa, aliyewahi kuwa mtumwa. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa upadre. Kule Chitangali, katika himaya ya chifu Nakaam, alilea kanisa likastawi. Aliishi na mkewe na watoto mbali na mapadre wenzake, na mwaka 1897 alirudi Unguja. Kumwita mtu shujaa wa imani kisha kumwacha peke yake miaka nenda rudi ni kumtelekeza, hata kama nia ilikuwa njema.

Tangu hapo ilipita miaka zaidi ya 70 kabla dayosisi ya Masasi haijakabidhiwa Mwafrika. Trevor Huddleston, askofu wake tangu 1960, aliondoka mwaka 1968 na Hilary Chisonga akashika nafasi hiyo. Kuondoka kwa hiari ungali na nguvu na heshima ni kazi ya uongozi, nami naiweka juu ya mahubiri mengi.

Sasa tuitazame bara ya Kilwa, vijiji kama Mitole. Waislamu ndio wengi, na sharika za Kikristo ni ndogo. Waumini wengi ni walimu, wauguzi na askari waliohamishiwa huko kikazi, na uhamisho ukija mzee wa kanisa huondoka. Mchungaji anajikuta ndiye mhubiri, mwandishi wa barua, msuluhishi wa ndoa na mhesabu sadaka. Kazi hii ya mwisho tuitazame kwa karibu. Ibada imekwisha, noti zilizokunjwakunjwa na sarafu zimemwagwa mezani. Wawili wakihesabu, wa tatu akaandika daftarini na wote wakatia sahihi, mchungaji anakwenda kula na familia yake. Akihesabu peke yake, hata awe mwaminifu kiasi gani, anabeba shaka ya watu hadi Jumapili ijayo, na shaka hiyo huchosha kuliko safari ya bodaboda njia ya vumbi.

Kwa hiyo dawa ianzie kwa mwenye kupanga vituo. Barua ya kumpeleka mchungaji Mitole imtaje pia mwinjilisti atakayeshika zamu yake, mweka hazina, na mchungaji jirani atakayemtembelea. Likizo yake iandikiwe tarehe kabla hajafungasha mizigo.